Mkulima apewe sababu ya kutunza visukuku

MKULIMA anayelima karibu na kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, anaweza kugonga jembe kwenye kitu kigumu akadhani ni jiwe. Akikiinua anaona ni kizito kuliko alivyotarajia, kina rangi ya mwamba, na pale kilipovunjika kuna vitundu vidogo vidogo kama vya ndani ya mfupa wa ng'ombe.

Hapo mkulima huyo ana njia tatu. Anaweza kukitupa kando ya shamba na kuendelea na kazi. Anaweza kukiweka ndani akisubiri mgeni atakayepita akiuliza mawe ya ajabu. Au anaweza kwenda ofisi ya kijiji na kutoa taarifa, kama sheria inavyomtaka.

Ukweli ni kwamba njia ya tatu ndiyo sahihi, lakini ndiyo pekee isiyompa chochote. Tena inaweza kumpa hofu. Nani anajua kama wataalamu hawatakuja, wakaweka vigingi, na mwisho wake akaambiwa asilime tena mahali hapo? Si ajabu basi akichagua kunyamaza.

Kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe: mfupa, jino, gamba, jani au hata alama ya unyayo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye hazina kubwa ya vitu hivyo duniani. Lakini mwananchi anayeishi juu ya hazina hiyo hajapewa sababu ya kuijali, wakati kwingineko kutafuta visukuku ni burudani ya familia nzima na biashara inayolisha miji.

Mji uliosimama juu ya mawe

Mfano mzuri uko kusini mwa Uingereza, katika mji mdogo wa Lyme Regis na kijiji jirani cha Charmouth. Hapo bahari inakula majabali ya pwani kila mwaka, na kila jabali linapoanguka, mabaki ya viumbe walioishi baharini zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita yanabaki wazi ufukweni.

Maji yanapokupwa, watu hujitokeza. Utamkuta mtoto wa miaka mitano ameinama na ndoo yake ndogo, na karibu yake babu mstaafu mwenye fimbo, wote wakiangalia kokoto. Wanachotafuta zaidi ni amonaiti, kiumbe wa baharini mwenye gamba lililojikunja kama la konokono, au belemnaiti, ambaye mabaki yake yana umbo la risasi.

Burudani hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Viatu imara, mfuko, gazeti kuukuu la kufungia kilichopatikana, na kuijua ratiba ya maji kujaa na kupwa. Mwenye nyundo huvaa miwani ya kukinga macho. Waliozoea hutanguliza tahadhari: hawakai chini ya jabali linalomomonyoka, na hurudi kabla maji hayajawafungia njia.

Siku bora si ile ya jua kali. Ni ile inayofuata dhoruba za majira ya baridi, wakati mawimbi yameosha matope na kuacha mawe mapya. Kwa maneno mengine, mji wa pwani uliozoea kutegemea wageni wa kiangazi pekee umepata wageni hata katika miezi ambayo hakuna anayetaka kuogelea.

Faida yake inaonekana. Kuna maduka ya visukuku, waongozaji wanaolipwa kutembeza vikundi, makumbusho, nyumba za kulala wageni na migahawa. Mwaka 2001 pwani hiyo, yenye urefu wa takriban kilometa 155, iliingizwa na Unesco katika orodha ya urithi wa dunia.

Biashara hiyo ilianza kwa umaskini. Mary Anning, aliyezaliwa Lyme Regis mwaka 1799, alikuwa binti wa fundi seremala aliyefariki mwaka 1810 na kuiachia familia madeni. Watoto walisaidia kuokota visukuku na kuviuza kwa wageni. Mwaka 1811 kaka yake, Joseph, aliona fuvu la mnyama mkubwa wa baharini, na mwaka uliofuata Mary, akiwa bado mtoto, akapata sehemu nyingine ya mwili wake.

Mary aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1847. Mabwana wasomi walinunua alichopata, wakakiandika vitabuni, na mara nyingi hawakulitaja jina lake. Chama cha wanajiolojia cha London hakikupokea wanawake wakati huo. Jambo hilo la jina la mgunduzi ni la kuwekwa akilini, kwa sababu Tendaguru nako lilitokea.

Tendaguru ilibebwa kichwani

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mfupa mkubwa ukichomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, takriban kilometa 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Wenyeji hawakuhitaji kuonyeshwa. Walikuwa wakipita hapo kila siku.

Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa chini ya wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoiacha kusini na njaa na makaburi. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mifupa, na wapagazi wakaibeba kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani.

Dinosaria aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Wataalamu wanamwita Giraffatitan brancai, ingawa Watanzania wengi wanamjua kama mjusi wa Tendaguru. Ana urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu, na aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kila mwaka mamia ya maelfu ya watu hulipa kiingilio katika makumbusho anamosimama.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji wenyeji aliitwa Boheti bin Amrani. Ni yeye aliyekuwa na jicho na mkono wa kutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Jina lake lilikaa katika vitabu vya wataalamu wachache hadi mwaka 2007, pale dinosaria mwingine wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Mjadala wa kumrudisha mjusi huyo umefika hata bungeni. Ni mjadala wa haki. Lakini wakati watu wakibishana juu ya mifupa iliyoondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakuna anayeuliza juu ya ile iliyobaki chini ya mihogo, mikorosho na ufuta.

Na mifupa bado ipo, si Lindi tu. Katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi, watafiti wametangaza dinosaria wapya mfululizo: Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia. Jina hilo la mwisho ni Kiswahili kitupu. Ni mnyama wa Mtuka, mto ambao kando yake alipatikana, na mfupa mmoja wa mkia wake una umbo linalofanana na moyo.

Kuangalia si kuchukua

Je, Tanzania iige Lyme Regis moja kwa moja, kila mwenye ndoo aokote na kwenda zake? Hapana.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, hairuhusu mtu kuchimba masalia hayo, kuyaondoa au kuyasafirisha nje ya nchi bila kibali. Sheria hiyo ina busara. Pwani ya Charmouth, kisichookotwa leo kesho kinasagwa na mawimbi, na amonaiti wa kawaida ni wengi mno kiasi kwamba makumbusho hazina haja nao. Tendaguru au Rukwa, mfupa mmoja unaweza kuwa wa mnyama ambaye dunia haijapata kumjua.

Zaidi ya hayo, kisukuku kilichoondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Mtaalamu anataka kujua kilikuwa kwenye tabaka lipi la udongo, kimelalia upande gani, na kilikuwa jirani na nini. Mfupa ulioletwa kwenye kiroba ni kama barua iliyochanwa upande wenye tarehe na sahihi.

Lakini furaha ya kutafuta visukuku haiko katika kuweka jiwe kabatini. Iko katika kutembea, kuinama, na ghafla jicho kutambua umbo ambalo dakika moja kabla lilikuwa kokoto tu. Furaha hiyo inaweza kupatikana bila kitu chochote kuondolewa. Kutafuta ni jambo moja, kuchukua ni jingine, na sera nzuri hutenganisha mambo hayo mawili.

Wala hili si ndoto. Huko Isimila, karibu na mji wa Iringa, mgeni hulipa kiingilio na kutembea na mwongozaji katika korongo kavu ambamo zana za mawe za binadamu wa kale zimelala chini wazi. Anaziona pale zilipo, anaelezwa, anapiga picha, anaondoka. Humo pia wataalamu walipata mifupa ya kiboko wa aina iliyokwishatoweka. Utaratibu huo unaweza kupelekwa kwenye maeneo ya visukuku.

Jicho halina umri wala shahada

Burudani hii ina sifa moja ambayo michezo mingi haina: haimbagui mtu kwa umri, nguvu wala elimu. Mtoto yuko karibu na ardhi na huona vitu vidogo. Mzee ana subira. Mfugaji aliyezunguka na mbuzi tangu utotoni hujua jiwe lipi limekuwapo siku zote na lipi limeletwa na mvua ya juzi.

Isimila yenyewe ilianza kujulikana kwa watafiti mwaka 1951 baada ya mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini kuokota zana za mawe alipopita hapo. Nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 huko Engare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, zilibainiwa kwanza na mwanakijiji mwaka 2006, kabla hazijaelezwa na watafiti.

Jirani nchini Kenya yupo Kamoya Kimeu. Alianza mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba katika timu ya akina Leakey. Mwaka 1984, huko Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kiliwaongoza wenzake hadi kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyopata kupatikana.

Kamoya, aliyefariki mwaka 2022, hakuanza na shahada. Alianza na macho, na akapata mtu wa kumfundisha nini cha kuangalia. Haijulikani ni akina Kamoya wangapi hivi sasa wanachunga mbuzi kando ya mto Mtuka bila kuambiwa kwamba mawe wanayoyaruka yana thamani.

Kazi ya msimu kwa kijiji

Kwa mkulima wa Lindi, jambo la kwanza kuuliza ni muda. Shughuli hii haigombani sana na shamba. Kiangazi, ufuta ukishavunwa na korosho hazijaanza kuanguka, ndicho kipindi ambacho nyasi zimepungua, barabara zinapitika na ardhi iliyooshwa na masika iko wazi. Hata kazi ya kupulizia salfa kwenye mikorosho hufanyika asubuhi na mapema, na mtu akamaliza akabaki na siku yake.

Kipato hakiko kwa mwongozaji peke yake. Kikundi cha wanafunzi 30 kikifika kijijini kitahitaji chakula cha mama lishe, maji, choo safi na mahali pa kupumzika. Vijana wa bodaboda watawafikisha wageni pale ambapo gari haliendi. Wachongaji wa Kimakonde, ambao sanaa yao inajulikana duniani, wanaweza kumchonga mjusi wa Tendaguru kwa mpingo. Nakala za plasta za meno na kucha zinaweza kuuzwa kihalali bila mfupa hata mmoja kuondoka.

Ni vyema pia kutokuanza na ndoto ya watalii kutoka Ulaya. Wageni wa kwanza wawe wa ndani: shule za Lindi, Mtwara na Mbeya, familia zinazokwenda kuwasalimia ndugu wakati wa likizo, na wanachama wa klabu za Malihai, ambazo zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi uhifadhi tangu mwaka 1980. Mwanafunzi aliyeona mfupa ukiwa ardhini hatasahau somo la jiografia.

Hofu ya wizi na hofu ya shamba

Wapo watakaosema kuwatembeza watu kwenye maeneo hayo ni kuwaalika wezi. Hoja hiyo ina uzito. Soko la visukuku duniani ni kubwa na lina fedha nyingi, na hata Uingereza vipande vizuri vimeishia mikononi mwa matajiri badala ya makumbusho.

Lakini kuficha hakujawahi kuwa ulinzi. Mlanguzi hustawi pale ambapo mwenye mali hajui thamani yake, ndipo hununua kwa bei ya soda. Serikali haina askari wa kuweka kwenye kila korongo. Ina wanakijiji, nao watalinda kitu kinachowalipa kila mwaka kuliko kitu walichoambiwa tu wasikiguse. Somo hilo limekwishaonekana katika jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ambako vijiji hupata sehemu ya mapato ya utalii.

Hofu ya pili, ya mkulima kupoteza shamba, ni nzito zaidi, na haiondolewi kwa hotuba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua fidia pale ardhi inapotwaliwa. Hata hivyo, mara nyingi mfupa hauhitaji shamba zima kutwaliwa. Unahitaji eneo dogo lisilolimwa kwa muda wakati wataalamu wanafanya kazi. Mkulima anapaswa kuambiwa hivyo mapema na kwa maandishi, pamoja na kiasi atakacholipwa kwa mazao yatakayoathirika.

Yapo pia mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya leo bila kusubiri mtu. Akiona kitu anachokishuku, asikichimbe wala kukisogeza. Akiwa na simu apige picha, akiweka sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Aweke alama ya mahali, kama mti au rundo dogo la mawe, kisha atoe taarifa kijijini na kwa ofisa utamaduni wa wilaya, ili habari ifike Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa.

Mgunduzi alipwe na atajwe

Umefika wakati kwa wahusika kufanya mambo manne.

Kwanza, kila anayetoa taarifa ya kweli apewe zawadi ya fedha, hata kama ni ya kiasi, na ipatikane haraka. Zawadi inayochukua miaka mitatu si zawadi.

Pili, jina lake liandikwe. Kama dinosaria amepewa jina la Boheti karibu karne moja baadaye, hakuna kinachozuia jina la mkulima wa leo kuwekwa kwenye kibao cha maonyesho, iwe Dar es Salaam au wilayani kwake.

Tatu, halmashauri zitenge njia chache za kutembea katika maeneo ambayo wataalamu wamekwishayakagua, zifundishe vijana wa vijiji hivyo kuongoza wageni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini kwa utaratibu unaosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji.

Nne, maofisa utamaduni wa wilaya wafundishwe kutambua visukuku. Haitasaidia mkulima kutembea kilometa 20 kutoa taarifa, kisha akutane na ofisa anayemwambia ni jiwe tu.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kukaa kimya. Mvua ya kila masika inafunua mifupa mipya na kuisomba ile iliyofunuliwa mwaka jana. Kwato za mifugo zinaikanyaga, na mafundi wanaotafuta mawe ya msingi hawatofautishi mwamba na paja la dinosaria.

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, watu wa Lindi waliibeba mifupa hiyo kichwani hadi bandarini, wakabaki na njia waliyoikanyaga. Wajukuu wao wanaolima juu ya mingine iliyobaki wanastahili kuikuta safari hii ikiwalipa hapo hapo ilipo.